Udongo wa Askofu, Faida ya Mupangaji

Watu wengi wanazani kwamba mwenye udongo ndiye anayekula mavuno yake. Katika inchi ya Uingereza, karne ya 18, haikuwa hivyo kwa udongo wa Kanisa. Tueleze sababu.

Tangu zamani maaskofu na makanoni wa makanisa makubwa walikuwa na milki zilizoitwa manori. Ufalme ulipojitenga na Roma mwaka wa 1534, nyingi za milki hizo zilibaki mikononi mwao. Manori si shamba tu. Muna mashamba ya bwana, malisho, pengine pori na kinu. Tena walimaji wanaoshika mashamba yao kwa desturi, majina yao yakiandikwa katika kitabu cha baraza la manori. Mulimaji wa namna hiyo akifa, mahali pengi bwana alitwaa ng'ombe ao farasi wake aliye bora.

Askofu hakulima mwenyewe. Alimupangisha manori mutu mumoja, mara nyingi tajiri wa jirani, naye tajiri akawapangisha wengine mashamba kwa bei ya soko. Mikataba ilikuwa ya namna mbili: ya miaka 21, ao ya maisha ya watu watatu. Katika namna hii ya pili mupangaji alitaja watu watatu, kama yeye mwenyewe, bibi yake na mutoto wao. Mukataba ulidumu mpaka wote watatu wamekufa.

Mipaka hiyo iliwekwa na sheria: ya mwaka wa 1559 kwa maaskofu, na ya mwaka wa 1571 kwa makanoni na vyuo. Mbele ya hapo wakubwa wengine wa Kanisa walipangisha udongo kwa miaka mingi mno, na waliowafuata wakakuta mikono mitupu. Basi sheria ilikataza mikataba mirefu, tena ikaamuru kodi isipungue ile ya zamani. Lakini haikulazimisha kodi ipande. Bei za vitu zikapanda sana, kodi ikabaki ileile.

Askofu alipata feza yake kwa njia ingine: kiingilio, kilicholipwa kila mara mukataba ulipofanywa upya. Mukataba wa miaka 21 ulifanywa upya kwa desturi kila miaka 7. Tuweke mufano. Manori inazaa paundi 100 kwa mwaka, na kodi ya zamani ni paundi 10; faida ya mupangaji ni paundi 90. Kiingilio kilikuwa mara nyingi faida ya mwaka mumoja ao kupita kidogo. Basi katika miaka 7 Kanisa linapata kodi ya paundi 70 na kiingilio cha paundi 90, jumla 160. Mupangaji amekusanya 700.

Mwaka wa 1686 kilichapwa kitabu cha kuhesabu viingilio hivyo, na Isaac Newton alishuhudia kwamba njia yake ni sawa. Lakini hesabu peke yake haikutosha. Kiingilio kilikuwa mali ya yule aliyekaa katika kiti siku ile. Askofu muzee akikataa kiingilio kidogo, pengine atakufa mbele ya kupata kikubwa, na faida itamwendea atakayemufuata. Mupangaji alijua hayo, akangoja. Hivi jamaa za wapangaji wakazoea kurizishana manori kama mali yao, na wakinungunika kila mara Kanisa lilipotaka kuongeza kiingilio.

Desturi hiyo ilianza kuondolewa katika karne ya 19. Mwaka wa 1836 iliwekwa komisyoni ya kusimamia mali ya Kanisa la Uingereza, na sheria ya mwaka wa 1851 ilifungua njia ya kuununua udongo kabisa, ao Kanisa kununua haki ya mupangaji.

Sheria ya kwanza ilimulinda atakayekuja kwa kupunguza miaka ya mukataba. Ilisahau kwamba anayeshika mali kwa maisha yake tu anajaribiwa kuuza ya kesho ili apate ya leo.