STERINGI MWEUSI, SAUTI YA MZUNGU!

Kama wewe ni mpenzi wa zile picha za steringi kupiga watu arobaini bila shati kuchafuka, ruka safu hii. Ninayokuletea wiki hii haina karate wala mapenzi ya kulialia. Ni kichekesho, tena cha ajabu ajabu. Inaitwa Putney Swope, ilitoka Marekani mwaka 1969, na aliyeitunga na kuiongoza ni Robert Downey. Siyo yule wa Iron Man, bwana, yule mtoto! Namsema mzee mzima, aliyefariki 2021 akiwa na miaka 85.

Huyu mzee hakuwa mtu wa kawaida. Mwaka 1966 alitoa Chafed Elbows, sinema iliyotengenezwa zaidi kwa picha za mnato zilizopangwa moja baada ya nyingine, na wanawake wote mle ndani akawaigiza mkewe, Elsie. Ubahili gani huo?

Sasa Putney. Kampuni kubwa ya matangazo pale New York, mwenyekiti anakata roho katikati ya kikao. Wakubwa hawangoji hata azikwe, kura ya siri inapigwa palepale! Sheria hairuhusu mtu kujipigia. Basi kila mmoja, kwa ujanja wake, anampa kura yule anayeamini kuwa hakuna mwingine atakayempa: Putney, mweusi pekee mezani, anayeshughulikia muziki. Kufumba na kufumbua, jamaa kashinda kwa kishindo.

Weee! Anatimua karibu wazungu wote, kampuni anaibatiza Truth and Soul, yaani Ukweli na Roho, halafu anagoma kutangaza pombe, sigara na bunduki za kuchezea watoto. Mkwanja ndiyo kwanza unamiminika, wateja wanaleta taslimu. Picha ni nyeusi na nyeupe, ila matangazo yao yanatoka kwa rangi, na ni vituko vitupu. Baadaye madaraka yanamlevya Putney naye, na hapo sikumalizii uhondo.

Downey aliwahi kufanya kazi za matangazo. Alisimulia kwamba alimkuta mweusi aliyefanya kazi sawa na yake akilipwa pungufu, na kisa kikaanzia hapo.

Lakini kuna kitu kinanikera. Steringi, Arnold Johnson, alikuwa akisahau maneno, basi Downey akaingiza sauti yake mwenyewe, ile nzito ya kukwaruza. Najua, sisi tumekulia kwenye vibanda vya video ambako mkalimani mmoja alisemea steringi, adui na demu. Pale hakuna aliyedanganyika. Huku, picha inayowacheka wazungu wanaombana mweusi ofisini, yenyewe imemnyang'anya mweusi sauti! Wapo wanaosema ndiyo utani wenyewe. Mimi siafiki, kwani Johnson ndiye aliyetoa uso, mwendo na lile jicho kali.

Hata hivyo nimecheka mpaka mbavu zikauma. Wamarekani nao waliiingiza 2016 kwenye hazina yao ya taifa ya filamu. Ukiipata, mtazame Putney midomo.