Sanamu ya Uhuru juu ya paa la Prishtina

Mgeni akifika Prishtina, mji mkuu wa Kosovo, hachelewi kuoneshwa Hoteli Victory. Juu ya paa lake imesimama nakala ya Sanamu ya Uhuru ya New York, mwenge juu. Wapiga picha wameipiga sana, wengi kwa kejeli, na kejeli haihitaji kipaji: jengo lenyewe limeshamaliza kazi.

Kazi ni kuonesha lilifikaje pale. Mwaka 1999 NATO iliishambulia Serbia kwa mabomu siku 78, majeshi yake yakaondoka Kosovo, Umoja wa Mataifa ukashika utawala. Wakimbizi walirudi kwa mamia ya maelfu, wengi wakakuta nyumba zimechomwa. Fedha za kujenga zilitumwa na ndugu waliokuwa wakitafuta riziki Ujerumani na Uswisi, na wa kukagua vibali karibu hakuwepo. Ghorofa zikapandishwa juu ya ghorofa, nguzo za Kiyunani zikabandikwa kwenye kumbi za harusi, vioo vya rangi vikafunika kuta. Rexhep Luci, msanifu majengo aliyeongoza mipango miji ya Prishtina, alijaribu kuzuia ujenzi huo holela. Septemba 2000 akapigwa risasi, akafa.

Ukishajua hayo, mbwembwe zile hazichekeshi tena kama mwanzo. Hata sanamu ya paani ina maelezo yake: hapa Marekani inahesabiwa mkombozi, na mwaka 2009 Bill Clinton alikuja mwenyewe kuzindua sanamu yake kwenye barabara iliyopewa jina lake.

Mwaka 2008 jumba la makumbusho ya usanifu mjini Basel lilifungua maonyesho ya Balkanology, yaliyoandaliwa na Kai Vöckler, kuhusu miji ya Balkani iliyojijenga bila kungoja serikali. Msimamo wake ndio ninaoukubali: ujenzi huu uchunguzwe kwanza, hukumu ifuate.

Kwa kamera, njia ilishaoneshwa na Bernd na Hilla Becher, mke na mume wa Ujerumani, waliopiga minara ya maji na tanuri za chuma chini ya mawingu, bila madoido, kisha wakazipanga picha safu kwa safu ili jicho lilinganishe. Ningependa kuona nyumba za ndugu za Kosovo zikipigwa hivyo: kaka watatu au wanne, nyumba zinazofanana kila kitu, zimepangwa mstari mmoja, nyingi zikikaa tupu hadi likizo ya kiangazi wenyewe warudi kutoka Ujerumani na Uswisi. Wasomaji wenye jamaa ughaibuni wanazijua nyumba za namna hiyo.

Picha inayokata kila kitu ikabakiza nguzo na mwenge inamdanganya mtazamaji. Kwa hiyo ukikutana na maonyesho ya picha za majengo kama haya, anza kutazama pembeni mwa fremu. Kama hakuna tofali tupu, nondo zilizochomoza wala nyumba ya jirani isiyokwisha, mpiga picha alikwenda kucheka tu.