Neno "Uzembe" Mbele ya Hakimu: Msamiati wa Daawa ya Madhara katika Mahakama ya Mazoezi

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na kwa marekebisho hayo Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, ijapokuwa Kiingereza chaweza kutumika pale haki inapohitaji hivyo. Mahakama za Mwanzo zilikuwa zikisikiliza mashauri kwa Kiswahili tangu zamani. Jambo jipya ni kwamba mwanafunzi wa sheria, aliyesomeshwa kwa Kiingereza, hana budi sasa kujiandaa kutoa hoja katika mahakama za juu kwa lugha ambayo hakufundishiwa. Mahali pake pa kujaribia ni mahakama ya mazoezi, yaani shauri la kubuni linaloendeshwa na wanafunzi wenyewe, wengine wakiwa mawakili na wengine mashahidi. Katika makala haya tunakusudia kulichungua neno moja linalowaponza wengi wao. Neno hilo ni uzembe.

Tuchukue kisa cha kubuni, kisichohusu chombo wala kampuni yoyote iliyopo. Pantoni inavuka Ghuba ya Mwanza kutoka Kamanga, upande wa Sengerema, kwenda mjini. Pikapu iliyobeba magunia ya dagaa haikuwekewa kabari wala jiwe chini ya magurudumu. Chombo kinapoyumba, pikapu inarudi nyuma na kumvunja mguu mama mmoja mchuuzi aliyesimama kati ya magari. Anafungua daawa akidai fidia.

Wakili mwanafunzi wa mama huyu husimama na kusema: "Mheshimiwa Hakimu, nahodha huyu ni mzembe, hajali maisha ya watu." Darasa humpigia makofi. Hata hivyo, kwa upande wa sheria, bado hajasema kitu. Katika matumizi ya kawaida mzembe ni mvivu, mtu asiyejali kazi. Na kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ililizidisha neno hilo ukali, likawa jirani wa mzururaji. Kwa hiyo msikilizaji anaposikia uzembe hufikiri juu ya tabia ya mtu. Sheria ya madhara haiulizi tabia. Nahodha hodari wa miaka 20, aliyesahau kabari siku moja tu, aweza kuwa na dhima. Na nahodha mvivu kupindukia, ambaye siku hiyo alifanya yote yaliyompasa, hana.

Hatupendekezi kulitupa neno hili. Limekwisha zoeleka, na maneno kama "utovu wa uangalifu", ingawa ni sahihi zaidi, ni mazito kwa shahidi wa kawaida. Tunachopendekeza ni zoezi: wakili wa mdai azuiwe kulitamka neno uzembe mpaka awe amethibitisha mambo manne, kila moja kwa jina lake. Kwanza, kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwa mdai. Pili, kwamba aliukiuka wajibu huo. Tatu, kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara. Nne, kwamba madhara yenyewe yapo. Hapo ndipo uzembe hugeuka kuwa jina la mambo hayo yote kwa pamoja, wala si tusi tena.

Juu ya wajibu wa uangalifu, walimu wengi huanza na shauri la Donoghue, lililoamuliwa Uingereza mwaka 1932. Mama mmoja wa Scotland alidai kwamba alikunywa kinywaji cha tangawizi na ndani ya chupa mkawa na konokono aliyeoza. Hakuwa amekinunua yeye, bali rafiki yake. Hivyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Jaji Atkin alisema kwamba mtu anawajibika kwa jirani yake, na jirani ni yule aliye karibu na tendo langu kiasi kwamba nilipaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Mwanafunzi akumbuke kwamba sheria ya Kiingereza ilipokewa kwetu kama ilivyokuwa Julai 22, 1920. Hukumu ya 1932, kwa kuwa ni ya baada ya tarehe hiyo, hushawishi tu, haifungi. Lakini neno jirani latufaa sana. Mswahili humwita jirani yule anayepakana naye nyumba. Katika pantoni, abiria ambaye nahodha hamjui hata kwa sura ni jirani yake mpaka watie nanga.

Usababishi hupitwa upesi mno. Swali lake ni rahisi: lau kabari ingewekwa, je, mguu ungevunjika? Shahidi aliyeona magurudumu ana thamani kuliko mashahidi kumi wa kueleza ubaya wa nahodha.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya maneno ya jinai na ya madai. Wanafunzi husema "mshtakiwa ana hatia", kumbe hapa kuna mdaiwa mwenye dhima. Tofauti hii ina gharama. Katika jinai uthibitisho lazima uondoe shaka yote ya maana. Katika madai yatosha uwezekano uelemee upande wa mdai. Wakili anayezungumza kijinai humtwisha mteja wake mzigo ambao sheria haikumtwisha, na mama wa watu aweza kurudi nyumbani na mguu mbovu bila fidia. Vivyo hivyo madhara na fidia: Kiingereza huyatofautisha kwa herufi moja tu mwishoni, na mfasiri mwenye haraka hujikuta ameandika kwamba mahakama imemwamuru mdaiwa kulipa madhara.

Upande wa pili nao una kimbilio lake: "ajali haina kinga". Methali hiyo hufaa msibani. Mahakamani jibu lake ni kwamba kinga ilikuwapo, nayo ni kabari. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018, watu zaidi ya 220 walifariki katika chombo kilichokusudiwa kubeba 101. Namba hizo mbili zikiwekwa pamoja huzungumza kuliko methali, na kuliko neno uzembe pia. Hasira ya wafiwa wa kando ya ziwa, tangu MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, ni ya haki. Ila hasira haihesabiwi kuwa kielelezo.

Wakili wa mdaiwa aliyejiandaa ataacha methali na kuuliza kwa nini mama alisimama kati ya magari. Hoja hiyo wengine huiita "uzembe changizi". Sisi twaona "mchango wa mdai katika madhara yake" ni bora, maana haumwiti mama aliyevunjika mguu mzembe, na papo hapo humwonyesha hakimu kazi iliyo mbele yake: kupima mchango huo ni sehemu gani ya madhara, na kuipunguza fidia kwa kiasi hicho.