Tunamcheka Tina, Tunamsahau Ocol

Ukisoma uhakiki mwingi wa Wimbo wa Lawino, utakuta Tina amekwisha kuhukumiwa hata kabla ya kesi kuanza. Ni mfano wa kasumba, basi. Hata kwenye semina zetu, tukifika kwenye poda yake na midomo iliyopakwa rangi, watu huangua kicheko. Katika makala haya ninakusudia kuonyesha kwamba kicheko hicho kinamwangukia mtu asiye mwenye kesi.

Kwanza tukumbushane kazi yenyewe. Okot p'Bitek wa Uganda aliitunga kwa Kiacholi, ikatoka kwa Kiingereza mwaka 1966, na Paul Sozigwa akatupatia tafsiri ya Kiswahili mwaka 1975. Lawino ni mke wa Ocol, msomi anayemwona mkewe mshamba. Ocol amempata Tina, yaani Clementine, mjuzi wa Kiingereza na mambo ya kisasa. Lawino analalamika, na katika malalamiko hayo anamchambua Tina kuanzia midomo hadi kiuno.

Hapa fani inatusaidia kuelewa. Shairi zima linatoka kinywani mwa Lawino. Tina hapewi hata nafasi ya kujibu. Halafu msemaji ni mke mwenza, na yeye mwenyewe anakiri kwamba wivu umo. Sasa jamani, nani kati yetu angempima mwanamke kwa mipasho ya mke mwenzake? Tashbihi za Lawino ni kali na zinachekesha, lakini ni ushahidi wa upande mmoja.

Tujiulize: nani alichagua? Ni Ocol. Ndiye anayezidharau nywele za Lawino, ngoma zake na chakula chake. Katika Wimbo wa Ocol, ambao Okot aliutunga baadaye kama jibu, bwana huyu anafika mahali pa kulia kwa nini alizaliwa mweusi. Basi mambo yamejifichua. Poda iko usoni mwa Tina, lakini ugonjwa umo kichwani mwa Ocol. Tina anapaka kile ambacho Ocol anakitafuta.

Wako watakaosema: kwani Tina hana akili zake? Anazo, tena nyingi. Anajua soko linanunua nini. Kumlaumu peke yake ni kumlaumu muuzaji na kumwachia mnunuzi aende zake.

Ili hoja yangu ieleweke, tulinganishe na riwaya ya Toni Morrison, The Bluest Eye, iliyochapishwa mwaka 1970. Mhusika wake Pecola ni msichana Mweusi wa miaka 11 katika mji wa Lorain, Ohio, mwaka 1941. Anaomba Mungu ampe macho ya buluu. Ombi kama hilo lingeweza kufanywa kichekesho. Morrison hafanyi hivyo. Anauliza: mtoto huyu kafundishwa na nani? Anatuonyesha kikombe chenye picha ya Shirley Temple, madoli ya kizungu wanayopewa watoto Weusi, na mama aliyejifunza maana ya uzuri ndani ya sinema. Anamwonyesha pia Maureen Peal, msichana Mweusi mwenye ngozi nyeupe kidogo, ambaye walimu na wanafunzi wanamnyenyekea. Hapo ubaguzi umekwisha kuingia ndani ya nyumba. Mwishoni Pecola anapata wazimu, akiamini macho ameshayapata. Hakuna msomaji anayecheka.

Na sisi je? Sikiliza lugha yetu. Tunasema, "Ati yule dada ni mweusi lakini mzuri." Neno "lakini" hapo lina kazi gani? Linatuambia kwamba weusi na uzuri havikutarajiwa kukutana. Hakuna anayesema "mweupe lakini mzuri". Msichana anayasikia hayo nyumbani, harusini, na kwa kaka zake wanaosifia "mtoto mweupe". Siku akijichubua kwa mkorogo, walewale wanamcheka: uso wa Fanta, vidole vya Coca-Cola!

Mzaha huo si mdogo. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu na sabuni hizo huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na inaweza kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi ya kudumu, yaani kinyume cha kilichotafutwa. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje ya nchi vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni. Ni sawa kabisa. Lakini sheria inalikamata kopo la krimu tu. Ladha ya Ocol haikamatiki mpakani.

Kwa kumalizia, ninapendekeza kwamba tukikutana na mhusika wa kike anayejibadilisha rangi au nywele, tusiishie kumpachika jina la kasumba. Tuulize nani anasimulia habari zake, nani anafaidika na mabadiliko hayo, na kama yeye mwenyewe amepewa nafasi ya kusema. Katika Wimbo wa Lawino jibu la swali la tatu ni hapana, na ukimya huo wa Tina bado unangoja kuhakikiwa.