Kisangani: Gari linakunywa sana esansi? Chunguza sonda lambda

Esansi hufika Kisangani kwa boti kutoka Kinshasa au kwa barabara ya taifa namba 4 kutoka mashariki. Kwa hiyo sonda lambda mbovu ni hasara kwa mwenye gari. Kifaa hicho hupima oksijeni kwenye moshi wa injini. Kikidanganya, injini huweza kuchoma esansi kupita kiasi na kutoa moshi mweusi.

Kabla ya kununua kipya, angalia kwanza waya zake na bomba la moshi: hata tundu dogo huharibu vipimo. Kukibadilisha nyumbani, acha injini ipoe, toa waya wa betri, kisha fungua kwa ufunguo namba 22. Usiguse ncha ya kifaa kipya.