Wazee Wawili, Nasaba Mbili

Ukienda Kyela likizoni ukawauliza wazee habari za ukoo, usistaajabu mmoja akitaja mababu sita na mwingine wanane. Huenda wote wawili wanasema kweli.

Sababu ya kwanza ni cheo. Mtawala wa Ngonde, ng'ambo ya Mto Songwe, huitwa Kyungu. Mkuu wa matambiko ya Lubaga aliitwa Lwembe. Kila mrithi alitwaa jina lile lile, hata watu kadhaa wakadhaniwa mtu mmoja.

Ya pili ni neno “baba”. Godfrey na Monica Wilson, waliotafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta kwamba mtu akifa, mdogo wake hurithi mji, wajane na watoto. Hivyo ndugu wawili huweza kuhesabiwa vizazi viwili.

Ya tatu ni ubatizo. Tangu wamisionari wafike mwaka 1891, Yohana wa daftari la kanisa huenda nyumbani ana jina jingine.

Basi uliza: nani alimzaa, nani alimrithi, alibatizwa kwa jina gani? Andika kila jibu pamoja na jina la aliyelitoa, usifute lolote. Siku mwanao atakapotaka kuoa, au shamba litakapogombewa, utajua thamani ya daftari hilo. Wazee hawangoji likizo ijayo.