Tiketi ilisema saa saba, safari ikawa saa 15

Kakangu alipopata nafasi ya kusomea Marekani, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsomea mama tiketi. Ilikuwa Januari. Ndege ya moja kwa moja, kutoka JKIA saa tano usiku, kutua JFK, New York, saa kumi na mbili asubuhi. Nikahesabu kwa vidole: saa saba. “Mama, ni kama basi la usiku la Mombasa tu,” nikamwambia.

Saa moja asubuhi mama akaanza kupiga simu. Mteja hapatikani. Kufikia saa nne sebule ilikuwa imejaa majirani, redio imewashwa, kila mtu anangoja habari mbaya. Kumbe kakangu bado yuko juu ya Atlantiki, pengine amelala fofofo. Alipiga saa nane na nusu mchana. Aibu niliyopata siku hiyo, wacha tu.

Saa zinazoandikwa kwenye tiketi ni za mahali. Ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kutua ni ya New York, na Januari New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Saa saba ujumlishe nane, 15. Kati ya Machi na Novemba Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti inakuwa saba.

Kinachoniudhi ni kwamba haya tuliyasoma Kidato cha Nne, kwenye longitudo na latitudo, tukiuliza yatatusaidia wapi. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa. Nairobi iko karibu digrii 37 mashariki, New York 74 magharibi. Jumla ni 111. Gawa kwa 15, unapata saa 7 na dakika 24. Serikali hazipangi saa zao kwa vipande kama hivyo, ndiyo maana tunaambiwa saba au nane.

Umbali nao una ujanja wake. Ukichora mstari kwa rula kwenye ramani ya ukutani, utapita Nigeria na Mali. Ramani hiyo inakudanganya kwa sababu dunia ni mviringo. Chukua tufe, uvute uzi kati ya miji hiyo miwili: uzi unapanda kaskazini, unakata Sahara kupitia Algeria na Morocco, ndipo unaingia baharini. Hiyo ndiyo njia fupi, digrii 106 na nusu hivi. Kila digrii ni maili 60 za baharini, na kila maili ni kilomita 1.852. Zidisha: karibu kilomita 11,830.

Dreamliner hukata kama kilomita 900 kwa saa, kwa hivyo saa 13 na kidogo zingetosha. Mbona basi 15? Kuna kujikokota uwanjani, kupaa, kushuka, na njia za anga ambazo hazinyooki kama uzi. Halafu kuna upepo. Juu ya Atlantiki kaskazini huvuma kwa nguvu kutoka magharibi: ukienda unakukinga, ukirudi unakusukuma. Kenya Airways ilipoanzisha safari hii Oktoba 2018, ilitangaza safari ya saa 14 hadi 15.

Kakangu anakuja likizo Desemba. Juzi mama aliniuliza ndege itatoka huko saa ngapi. Nikamwambia saa sita mchana.

“Hiyo kwetu ni saa mbili usiku,” akasema. “Atatua saa nne asubuhi. Wewe usinihesabie.”